Nimejitolea miaka mitatu kituo cha bahari, nikakaripiwa mbele za watoto

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 43, nina mume na binti wa miaka kumi na mmoja. Siku za kazi nashika vitabu vya hesabu katika ofisi isiyo na dirisha, na labda hilo ndilo lililonisukuma kuelekea baharini. Miaka mitatu iliyopita darasa la binti yangu lilitembelea kituo cha sayansi ya bahari kilicho karibu nasi, nami nikaenda kama mzazi wa kuwasindikiza. Kwenye bwawa la kugusa, lile birika pana la kina kifupi ambamo watoto huruhusiwa kugusa wanyama, alikuwa amesimama mzee mmoja wa kujitolea. Alimwambia binti yangu alowanishe mkono, kisha aweke vidole viwili mgongoni mwa jongoo bahari. Halafu mzee akanyamaza, akamwacha mtoto ashangae mwenyewe. Wiki iliyofuata nilijaza fomu.

Makubaliano yalikuwa Jumamosi moja kwa mwezi. Nilifundishwa siku mbili, nikapewa fulana ya buluu na beji. Mwaka wa kwanza nilikuwa nahesabu siku zilizobaki. Mwaka wa pili mratibu akaanza kuniomba nishike zamu za wenzangu wasiofika, nikazishika. Ikaja Siku ya Bahari Duniani ya mwezi wa sita, ikaja siku ya milango wazi, usiku wa familia, mashindano ya kuchora ya wanafunzi, usafi wa ufukwe. Sasa naenda kila Jumamosi, na Jumapili mojamoja. Napanga viti, naelekeza magari, nafua taulo, nakaa kwenye kaunta ya duka la kituo muuzaji anapokuwa na udhuru, na siku hizi ana udhuru mara kwa mara. Kwenye usafi wa ufukwe kazi yangu ni mezani: napima magunia na kujumlisha karatasi za watu, vipisi vya sigara vingapi, vifuniko vya chupa vingapi. Wanasema najua hesabu.

Nilichokuwa nakitamani ni kingine. Kituo kina timu inayotoka na boti kila mwezi kukagua matumbawe. Nimedokeza mara nyingi. Siku moja nilimwambia mratibu, "Ninyi mnaofika huko nje mna bahati," akacheka tu. Mwezi wa nne walichukuliwa wanafunzi wawili wa chuo ambao hata miezi sita hawajatimiza. Nikawapongeza kwa tabasamu, nikaenda kufua taulo.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Siku ya milango wazi watu walijaa hadi bwawa halionekani. Watoto wa nyuma walikuwa wakilalamika hawaoni kitu. Nikambandua kiti cha pweza mmoja, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, aliyeshikamana na jiwe, nikamwinua juu ili wote wamwone. Mama mmoja akaomba ampige picha mwanawe akiwa amemshika, nikampa. Najua kanuni inasema wanyama hawatolewi majini. Ilikuwa dakika moja, labda mbili. Mara nikasikia kwenye kipaza sauti: "Wewe wa bwawani, hatuinui wanyama! Tuseme mara ngapi?" Alikuwa msichana mwajiriwa mpya, wa miaka 24 hivi. Watu wote wakageuka. Watoto wakacheka. Binti yangu alikuwa palepale na rafiki zake wawili. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu, tulipofika nyumbani ndipo akaniuliza, "Mama, kwani ulimuumiza?" Sikuwa na jibu.

Hii ni wiki ya tano sijakanyaga pale. Kwanza nilisingizia mafua, kisha kazi. Mume wangu anasema ni afadhali, eti wamenifanya punda asiyelipwa, na anauliza kuhesabu vipisi vya sigara ni sayansi gani. Jana mratibu akaniandikia: usafi wa ufukwe ni Jumamosi ya tatu ya Septemba, "tunakutegemea mezani kama kawaida." Juu ya yaliyotokea hakusema neno. Sijui hata kama anajua.

Niache kimyakimya? Nimwandikie mkurugenzi kumshtaki yule msichana? Au niende, nikae mezani, nijifanye hakuna kitu? Bahari naipenda, Shangazi. Ila nimechoka.

Mama wa Mezani

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye swali la binti yako. Tuanzie hapo, maana wewe unaweza kungoja lakini yeye ana wiki tano hajajibiwa.

Ndiyo, huenda ulimuumiza. Kiti cha pweza hujishikiza jiweni kwa mamia ya vijiguu laini vilivyopangwa upande wa chini wa mikono yake. Vijiguu hivyo huendeshwa na maji. Mnyama huyu hana damu kama yetu, huvuta maji ya bahari ndani ya mwili na kuyasukuma kwenye mirija midogo hadi kila kijiguu. Ukimbandua kwa nguvu, vingine hukatika vikabaki jiweni. Isitoshe, vijiguu hivyohivyo, pamoja na vifuko vyembamba vya ngozi vilivyotapakaa mgongoni, ndivyo anavyopumulia, na vyote vinataka maji. Wapo wanaoishi kwenye miamba inayoachwa wazi maji yanapokupwa, nao huvumilia kwa kujibana penye unyevu na kivuli. Kupitishwa mkono hadi mkono juani, katikati ya kelele, ni habari nyingine. Lakini dakika mbili hazikumwua, na vijiguu huota upya. Hata mkono mzima ukikatika huota, ingawa huchukua miezi mingi. Mwambie binti yako hayo yote, pamoja na neno "nilikosea". Ana miaka kumi na mmoja, atayabeba bila shida. Kinachomlemea sasa ni kwamba mama yake amenyamaza.

Umeandika, "Najua kanuni inasema." Hukuandika sababu ya kanuni hiyo, na sidhani kama ulisahau. Nadhani katika zile siku mbili za mafunzo uliambiwa usifanye, ila hukuambiwa kwa nini. Kanuni ya namna hiyo hushikika siku wageni wakiwa sita. Wakiwa mia mbili, huku watoto wa nyuma wanalia, hakuna kinachoishikilia. Kwa hiyo kosa ni lako, lakini kituo nacho kina sehemu yake: siku ya watu wengi kiasi hicho walikuacha peke yako bwawani, bila mtu wa kupanga foleni. Ombi la haki ni watoto waingie kumikumi, na pawepo chombo kinachoonyesha ndani, kilichojaa maji ya bahari, kwa ajili ya wale wasioweza kufika ukingoni.

Nami nimewahi kukaripiwa. Miaka mingi iliyopita nilijiunga na wanaojitolea kulinda kasa usiku. Usiku wangu wa pili kasa akapanda kutaga, nami kwa furaha nikamwashia tochi nyeupe usoni. Kijana ambaye ningeweza kumzaa akaninyang'anya tochi, akanisema mbele ya kundi zima kwa sauti niliyoisikia kichwani siku mbili. Baadaye nikaelewa. Kasa jike akiona mwanga huweza kugeuka akarudi majini bila kutaga, na watoto wa kasa wanapototolewa hukimbilia upande wa upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwenye ufukwe usio na taa ni upande wa bahari. Taa moja ya mtu inatosha kuwapoteza. Ndiyo maana wanaowalinda hutumia taa nyekundu hafifu, tena kwa uchache. Yule kijana alikuwa sahihi na alikuwa hana adabu. Mambo hayo mawili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Na huyu wako ni vivyo hivyo. Alichosema ni kweli. Kukisema kwenye kipaza sauti, kwa "tuseme mara ngapi" kana kwamba wewe ni mzoefu wa kuvunja kanuni, ni kukuvunjia heshima, na una haki ya kumwambia. Ila barua kwa mkurugenzi, hapana. Msichana mpya kazini, siku ya umati, ameona mnyama aliye chini ya dhamana yake ananing'inia hewani, akashika kilichokuwa karibu na mkono wake, ambacho kwa bahati mbaya kilikuwa kipaza sauti. Ukipeleka suala hilo juu, litakuwa faili. Mtafute siku isiyo na wageni, mkiwa wawili, uanze na lako: "Siku ile nilikosea kumwinua yule mnyama, na sasa najua kwa nini. Lakini ulivyonisema mbele ya watu, na mwanangu akiwepo, uliniumiza. Siku nyingine niite pembeni, au nipe ishara ya mkono, nitaelewa." Kisha nyamaza, mwache aseme. Akiomba radhi, vizuri. Akibishana, hapo ndipo umweleze mratibu, kwa mdomo.

Sasa nigeukie swali la mumeo, maana pengine hakulitia uzito, lakini ni swali zuri kuliko anavyodhani.

Kuhesabu vipisi vya sigara ni sayansi gani? Mwaka 1986 huko Texas, Marekani, wanawake wawili, Linda Maraniss na Kathy O'Hara, waliitisha usafi wa ufukwe wakapata watu 2,800. Kuokota takataka hakukuwa jambo geni, watu walishaokota kabla yao. Wao waliongeza karatasi: kila aliyeokota aandike ni kitu gani na ni vingapi. Kutokana na siku ile ndipo ulipotokea usafi wa kimataifa wa fukwe ambao mpaka leo hufanyika Jumamosi ya tatu ya Septemba, ile uliyoandikiwa na mratibu wako. Meza yako ina ukoo, mwanangu.

Karatasi ina maana kwa sababu gunia lenyewe ni bubu. Ukiniambia ufukwe umetoa kilo mia tatu, nitasema hongera, basi. Ukiniambia vipande vingi vilikuwa kamba za nyavu na maboya, nitajua tuzungumze na wenye vyombo vya majini. Ukiniambia ni mirija, vifuniko na vipisi, tatizo liko nchi kavu, limetembea kwenye mitaro hadi hapo. Hesabu za namna hiyo ndizo zinazompa mtu kitu cha kuweka mezani sheria zinapojadiliwa. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, una kiambatisho cha tano kilichoanza kutumika Desemba 31, 1988, nacho kinakataza meli kutupa plastiki baharini, popote pale. Ukishika karatasi inayoonyesha kilichookotwa kila mwaka, unaweza kuuliza kama katazo linafuatwa. Bila karatasi una hasira tu. Na vipisi hivyo anavyovicheka mumeo kwa miaka mingi ndivyo vilivyoongoza orodha ya vitu vilivyookotwa katika usafi huo duniani. Kichujio cha sigara watu hudhani ni pamba. Ni plastiki, selulosi asetati, haiozi kama pamba.

Wewe ni mtu wa vitabu vya hesabu, kwa hiyo nikuulize mambo mawili ambayo huenda hakuna aliyekuuliza pale mezani. La kwanza, mnapima gunia kabla ya kukung'uta mchanga? Mchanga mbichi unadanganya mzani kuliko mfanyabiashara yeyote, na mwaka wa mvua utaonekana mchafu kuliko mwaka wa kiangazi bila sababu. La pili, mtu asipokuta kamba hata moja, anaandika sifuri au anaacha wazi? Ofisini kwako unajua nafasi tupu haina maana moja. Inaweza kuwa hakuna, inaweza kuwa hakutazama, inaweza kuwa alichoka akaenda zake. Sifuri ni jibu. Pengo ni swali litakalomsumbua mtu miaka kumi ijayo. Kama hakuna anayelisimamia hilo, kazi yako mezani bado haijaanza, na ni wewe pekee pale mwenye jicho la kuiona.

Kwa hiyo mumeo nimemkatalia nusu. Nusu nyingine nampa.

Jumamosi moja kwa mwezi imekuwaje nne? Nimelitafuta katika barua yako mahali uliposema "siwezi", sijalipata. Uliombwa, ukakubali. Ukaombwa tena, ukakubali tena. Mratibu mwenye zamu kumi na watu saba humpigia kwanza yule asiyekataa, wala hana nia mbaya. Kwake wewe ni mtu mwenye nafasi na furaha, kwa kuwa ndivyo ulivyojionyesha. "Kama kawaida" ni neno lake, lakini hiyo kawaida mmeijenga wote wawili.

Viti na taulo sivilaumu. Siku ya tukio kituoni kila mtu hubeba viti, na kama mtaalamu mwenye shahada tatu habebi, hilo ni tatizo lake na la malezi yake. Maji ya chumvi hayana mwenyewe, yakimwagika mtu anafuta. Kaunta ya duka ndiyo sikuipenda. Mtu wa kujitolea kumshikia muuzaji nafasi robo saa ni ujirani mwema. Kuishika mara kwa mara, mahali panapoingiza pesa na penye mtu anayelipwa, ni kufanya ajira ya mtu kwa bei ya fulana. Hilo ulikatae bila kuomba msamaha, na usieleze sana. Watu wapole wakieleza sana huishia kukubali.

Halafu hiyo boti.

Umesema umedokeza mara nyingi. Mwanangu, "mna bahati" si ombi. Mtu akiniambia hivyo nami ningecheka nikaendelea na shughuli zangu. Wale wanafunzi wawili nina hakika waliuliza waziwazi, vijana hawaoni haya, na huenda masomo yao yanawadai saa za kazi za baharini. Nawe hukuniambia jambo la maana kuliko yote: unajua kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa? Ukaguzi wa matumbawe kwa kawaida hufanyika chini ya maji. Ipo mbinu maarufu ya Reef Check, iliyoanza mwaka 1996 chini ya mwanasayansi Gregor Hodgson kwa lengo la kuwafundisha wapiga mbizi wa kawaida kukusanya takwimu. Hutandazwa utepe wa mita 100 juu ya mwamba, ukagawanywa vipande vinne vya mita 20, na katikati ya kipande na kipande huachwa mita tano. Ndani ya kila kipande huhesabiwa samaki na wanyama wengine waliochaguliwa, na kila nusu mita huandikwa kilichopo chini ya utepe: tumbawe hai, mwani, mchanga, jiwe. Mtu lazima awe ametulia majini kiasi cha kuandika huku anaelea bila kukanyaga kitu. Kama huna cheti cha kupiga mbizi, hujanyimwa na mtu. Hujafika mlangoni bado, na mlango uko wazi kwa anayejifunza.

Lakini pia kuna kazi za kisayansi zisizotaka mtungi, na kwa tabia yako nadhani ungezipenda zaidi. Uliza kama kituo kinafuatilia miamba na nyasi bahari wakati wa maji kupwa. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hurudi nyuma kuliko siku nyingine, na ndipo watu hushuka na fremu ya mraba, kwa kawaida nusu mita kwa nusu mita, wakailaza chini na kuhesabu kila kilichomo. Mraba wa kwanza, wa pili, wa ishirini. Ni uhasibu wa miguu pekupeku, ingawa kwa usalama vaa viatu. Au uliza kama kwenye boti kuna anayepima uangavu wa maji kwa sahani ya Secchi. Angelo Secchi alikuwa padri wa Italia na mtaalamu wa nyota, na mwaka 1865 aliitumia akiwa kwenye merikebu ya Papa. Ni sahani tu inayofungwa kamba, huteremshwa majini hadi isionekane, ukaandika kina. Huhitaji kulowa hata kidole. Unahitaji mtu mwaminifu asiyeongeza nusu mita ili maji yaonekane safi, na mtu huyo ninaye hapa, ameniandikia barua.

Sasa usiache kimyakimya. Kuugua mafua wiki tano kunachosha kuliko kazi yenyewe, na ukitoweka hivyo hakuna atakayejifunza lolote: si yule msichana, si mratibu, wala binti yako, ambaye anatazama mtu mzima akikosea anafanyaje. Lakini usirudi "kama kawaida" pia. Mwandikie mratibu kabla ya kufika. Ningekuwa wewe ningeandika hivi, nawe rekebisha maneno yakae kama yako:

"Asante kwa ujumbe. Nitakuwepo mezani siku ya usafi. Kabla ya hapo naomba nusu saa tuzungumze mambo matatu. Kuanzia sasa naweza kuja Jumamosi moja kwa mwezi pamoja na matukio mawili makubwa kwa mwaka, kaunta ya duka sitaweza tena. Ningependa kujifunza kazi ya ukaguzi, hata ile ya ufukweni isiyohitaji kupiga mbizi, na nataka kujua natakiwa kufanya nini ili nikubaliwe. La tatu ni lililotokea bwawani siku ya milango wazi, na nina pendekezo juu ya foleni ya watoto."

Usiandike "kama hutojali". Usiandike "samahani kwa usumbufu". Wala mafua usiyataje tena.

Mkikutana, muulize na yale ambayo kila anayejitolea popote anapaswa kuyajua, wengi wetu tukaona aibu kuuliza: nani msimamizi wangu, nikiumia kazini nini hutokea, kazi yangu imeandikwa wapi. Akiwa hana jibu la hilo la mwisho, andikeni hapohapo, ukurasa mmoja unatosha. Akikasirika kwamba umepunguza siku, utakuwa umejua jambo ambalo miaka mitatu hukulijua, na kuondoka hapo hakutakuwa kukimbia. Sidhani kama atakasirika. Waratibu hupenda mtu wa Jumamosi moja anayefika kuliko wa nne anayeugua.

Kuhusu siku yenyewe ya usafi, uliza mapema maji yanajaa saa ngapi. Watu huchagua saa mbili asubuhi kwa kuwa ni saa nzuri ya watu, wakasahau kwamba bahari ina saa yake, inayosogea kama dakika hamsini kila siku. Nimewahi kuona umati na glavu zake umesimama kwenye kipande cha mchanga kisichotosha mkeka, maji yamejaa pomoni. Sindano na vioo visiokotwe na mtoto yeyote, viwe na chombo chake kigumu chenye kifuniko na mtu mzima mmoja wa kukishika. Meza iwe kivulini. Na mumeo mwalike, tena kwa kazi ya punda hasa: magunia yaliyolowa ni mazito, na mzani unahitaji mtu wa kuyanyanyua. Akiona namba zinavyojipanga mchana kutwa atakuwa na maneno mengine, au atakuwa na yaleyale pamoja na maumivu ya mgongo.

Binti yako umweke kando yako, ashike karatasi ya jumla. Mpe penseli, maana karatasi zitalowa na wino hukimbia. Na pale penye safu isiyo na kitu, mfundishe aandike sifuri.

Shangazi